Bayoriakta Ikigoma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu katika Maabara Ndogo ya Kisiwani

Saa nane za usiku, katikati ya masika, simu ililia. Alikuwa mzee wetu wa lindo. “Maalim, ile mashine yenu ya chupa inapiga kelele. Mimi sijaigusa.” Nikamwambia, “Umefanya vyema mzee wangu, iache hivyo hivyo, nakuja.”

Nilipofika kwenye bayoriakta yetu, yaani chombo cha kuoteshea bakteria, nikakuta skrini ya kidhibiti imeandika pH (kipimo cha asidi) 7.00, imetulia kama maji ya mtungini, haipandi wala haishuki. Tulikuwa tunaotesha bakteria wa Bacillus wa kuchanganya na chakula cha vifaranga vya samaki wa mwatiko, na tuliiwekea pH 6.8. Kidhibiti kinaona 7.00, kinadhani asidi bado haijatosha, kinaiamuru pampu itie. Kinaona 7.00 tena, kinaamuru tena. Chupa ya asidi ya mililita 250 ilikuwa imebaki tupu. Nikachovya karatasi ya kupimia asidi ndani ya chombo, ikatoka nyekundu, chini ya 3. Kazi ya wiki mbili ilikuwa imekufa.

Asubuhi sote tulikubaliana kuwa bodi ya kidhibiti imeungua. Mpaka tukaanza kuulizia bei ya bodi mpya kutoka nje. Kumbe bodi ilikuwa nzima. Ndani ya plagi ya elektrodi, kile kijiti kinachopima pH, mlikuwa na unyevu, si zaidi ya tone moja la maji. Tuliifuta kwa spiriti, tukaikausha, ikafanya kazi.

Tangu siku ile nimetengeneza bayoriakta hii na nyengine za wenzangu mara nyingi, na karibu kila mara ugonjwa nimeukuta kwenye maungio: plagi, mrija, pete ya mpira, kichujio, skrubu iliyolegea. Bodi huwa ya mwisho kufa na ya kwanza kulaumiwa. Mwongozo huu ni wa bayoriakta ya kioo ya lita 1 mpaka 5, ile ya mezani, na nimeuandika kwa maabara iliyo Unguja au Pemba, ambako kifaa cha akiba hakipatikani mtaa wa pili na hewa yenyewe ina chumvi.

Kabla hujashika bisibisi

Zima, kisha chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa swichi ya mbele hakutoshi, kwa sababu kwenye mashine nyingi swichi ile inakata waya mmoja tu, na soketi ikiwa imefungwa kinyume waya unaobaki ndio wenye moto. Ngoja blanketi ya joto, ile inayokivalisha chombo, ipoe. Funga kwa klempu mirija ya asidi na alkali kabla ya kuichomoa, na vaa miwani. Mrija wa pampu unaochomolewa hurusha tone, na tone hilo halichagui pa kuangukia.

Kama ndani mna kiumbe hai, hata kama unajua si wa maradhi, usimwage kwenye sinki. Kioteshe chako (kiowevu pamoja na viumbe wake) kiue kwanza, kwa otoklevu, yaani sufuria ya mvuke wa shinikizo, au kwa jiki. Ila jiki usiiache ikalala juu ya kifuniko cha chuma cha pua. Klorini inakitoboa chuma hicho vishimo vidogo vidogo, na kishimo kikishaanza hakuna kukirudisha.

Vifaa vya kuwa navyo: multimita, kipimajoto cha kioo unachokiamini, bafa mbili, yaani maji yenye pH inayojulikana (4 na 7), karatasi za kupimia asidi, silinda ya kipimo, maji ya sabuni, spiriti ya isopropili, grisi ya silikoni, taa ya balbu ya wati 60 iliyofungwa kwenye holda na waya, na daftari. Balbu nitaeleza kazi yake. Daftari usilipuuze, andika ulichokikuta kabla ya kubadilisha kitu chochote, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mrija, kichujio na plagi kwa pamoja na mashine ikapona, hujajua dawa ilikuwa ipi, na mwezi ujao utarudi pale pale.

Swali la kwanza: kipimo kinadanganya, au chombo kimeharibika?

Hili ndilo swali ninalomfundisha kila kijana anayeingia maabara kwetu. Skrini inaposema joto ni nyuzi 24 na wewe uliweka 37, kuna mambo mawili tofauti kabisa: ama kiowevu kimepoa kweli, ama ni moto na kihisi kinasema uongo. Tiba ya moja ni sumu ya jengine. Ukiongeza moto kwenye chombo ambacho tayari ni moto, umekipika.

Kwa hiyo pima kwa njia ya pili, isiyopitia mashine. Joto: tumbukiza kipimajoto cha kioo kwenye mfuko wa kihisi, au vuta sampuli kidogo uipime hapo hapo. pH: vuta sampuli, tia karatasi. Hewa: toa mrija wa kutolea hewa uuchovye kwenye bilauri ya maji, uone mapovu. Mzunguko: bandika kipande cha utepe kwenye mhimili, hesabu kwa dakika moja ukiwa kwenye kasi ndogo. Dakika tano tu, na umeshajua uende upande gani.

Umeme

Umeme wa kisiwani unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Waliokuwepo Unguja Mei 2008 wanakumbuka kiza cha karibu mwezi mzima, na kile cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009. Siku hizi hali si ile, lakini kukatika kwa nusu saa na kushuka kwa volti kupo, na bayoriakta inaumia zaidi kwa volti ndogo kuliko kwa kiza kamili.

Pima soketini mashine ikiwa inafanya kazi, na upime wakati wa jioni pia, watu wanapopika na kuwasha mapoza hewa. Unatarajia 230, na kati ya 207 na 253 hakuna neno. Ukikuta 190, fanya hesabu hii: nguvu ya blanketi ya joto inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo blanketi ya wati 200 inakupa kama 136 tu. Hapo chombo hakifikii joto lake, na mtu anaanza kufungua kihisi kisicho na kosa. Dawa ni stabilaiza ya mashine nzima, na UPS (betri ya akiba) kwa kidhibiti na pampu ya hewa. Usiitwishe UPS ndogo blanketi ya joto; itakata wakati ule ule unaoihitaji.

Kisha pima waya wa ardhi. Kati ya nyutro na ardhi uone volti chache tu. Ukiona makumi, ita fundi umeme aliyesomea, usiendelee. Mashine yenye maji na moto wa umeme pamoja haifanyi kazi bila ardhi ya kweli.

Jambo la mwisho: fungua boksi la kidhibiti (plagi ikiwa imechomolewa) na uangalie kwa tochi. Mimi nimekuta mjusi aliyekauka kati ya miguu miwili ya transfoma, na mara mbili nimekuta sisimizi wamejenga ndani ya rilei, ile swichi inayowashwa na kuzimwa na kidhibiti. Wanafuata ujoto. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni, na yale ya kupitishia hewa yawekee wavu mwembamba.

Joto

Bayoriakta nyingi za mezani zinapima joto kwa kihisi kinachoitwa Pt100. Ni waya wa platini ambao ukizani wake ni omu 100 kwenye nyuzi 0, na unapanda kama omu 0.385 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Kwa hiyo kihisi chenyewe unaweza kukipima bila kidhibiti. Chomoa, weka multimita kwenye omu, usome: kwenye nyuzi 25 upate karibu 109.7, kwenye 30 karibu 111.7, kwenye 37 karibu 114.4. Kama kina nyaya tatu, mbili zina rangi moja; kati ya hizo mbili usomaji uwe karibu na sifuri, na huo kidogo unaouona ni ukizani wa waya wenyewe.

Multimita ikionesha ukizani usio na mwisho, waya umekatika, mara nyingi pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Kata sentimita tatu, lehemu upya.

Lakini kosa la visiwani ni la hila zaidi. Hewa yenye chumvi ikiingia kwenye plagi, inaacha utando mwembamba wenye kupitisha umeme. Utando huo unakuwa njia ya pembeni sambamba na kihisi, na njia ya pembeni hupunguza ukizani. Omu 114 ikipata njia ya pembeni ya omu 7,000, usomaji unapungua karibu omu 2, ambazo ni kama nyuzi 5. Kidhibiti kinaona 32 wakati ndani ni 37, kinaongeza moto. Kinyume chake, pini ikiota kutu ya kijani inaongeza ukizani, kidhibiti kinaona joto zaidi ya lililopo, na kioteshe kinabaki kimepoa. Kwa hiyo ukikuta skrini inasema chini kuliko kipimajoto, tafuta unyevu. Ikisema juu, tafuta kutu au pini iliyolegea. Safisha pini kwa spiriti na mswaki wa zamani, kausha kwa kikausha nywele kwenye baridi au vuguvugu, kisha fungia kwa mpira wa kujibana. Vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya sitaki kuona vinatupwa. Tia viwili kwenye boksi la kidhibiti, vibadilishe kila masika.

Kihisi kikiwa kizima na chombo hakipati moto, nenda kwenye blanketi. Ipime omu ikiwa imechomolewa. Ya wati 200 kwa volti 230 inapaswa kuwa karibu omu 265. Ukikuta hakuna mwisho, imekatika ndani au fyuzi yake ya joto imekwenda. Blanketi iliyokatika usiiunge kwa mkono; nunua nyengine.

Moto usiozima ni hatari kubwa zaidi, na mara nyingi mkosaji ni rilei ya elektroni. Rilei hizi zikifa hufa zikiwa zimefunga, yaani zinapitisha umeme muda wote, hata kidhibiti kikisema zima. Hapa ndipo balbu inapoingia. Ukiipima rilei kwa multimita peke yake utaona volti hata ikiwa nzima, kwa sababu huvujisha umeme kidogo, na utaitupa bure. Fungisha balbu mahali pa blanketi, washa mashine, weka joto la chini kuliko la chumba. Balbu ikizimika kabisa, rilei ni nzima. Ikiwaka kama kawaida, imekufa. Kazi hii ina umeme wa 230, kwa hiyo ifanye anayeijua, na mtu wa pili awepo chumbani.

Kupoza nako kuna mtego wake hapa kwetu. Vitabu vinasema pitisha maji ya bomba kwenye koili ya kupozea. Waandishi wake wako kwenye nchi ambazo maji ya bomba yana nyuzi 12. Kwetu, wakati wa kaskazi, maji kutoka tangi la juu ya paa saa tisa za mchana yanaweza kuwa moto kuliko kioteshe chenyewe. Vali inafunguka, maji yanapita, joto halishuki, na mtu anabadilisha vali. Pima joto la maji yanayoingia kwanza. Sisi tunatumia deli la wavuvi lenye maji na barafu, ndani yake pampu ndogo ya tangi la samaki, maji yanazunguka na kurudi. Deli la lita 40 linatufikisha usiku mzima kwa chombo cha lita 3.

pH

Nilianza na kisa cha 7.00, sasa nieleze kwa nini ni 7.00 na si namba nyengine. Elektrodi ya kioo hutoa volti sifuri kwenye pH 7, na kwenye nyuzi 25 hubadilika kama milivolti 59 kwa kila pH moja. Kwenye bafa ya 4 utegemee karibu milivolti 177 chanya. Sasa, chochote kinachounganisha waya wa ndani na wa nje wa plagi, hata unyevu, kinaifanya volti kuwa sifuri, na kidhibiti kinasoma 7. Kioo cha elektrodi kikipasuka ufa usioonekana, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo pH iliyoganda kwenye 7 ni dalili, isome kama daktari anavyosoma homa.

Fuata mpango huu:

1. Chomoa elektrodi kwenye kidhibiti. Unganisha pini ya katikati na ganda la nje la soketi kwa kipande kifupi cha waya. Kidhibiti kisome karibu 7. Kikisoma hivyo na kutulia, upande wa kidhibiti uko salama kwa kiasi kikubwa, rudi kwenye elektrodi na kebo.
2. Safisha na ukaushe plagi zote mbili. Usizishike kwa vidole kwa ndani. Jasho la mkono linatosha kuiharibu ishara.
3. Suuza elektrodi, itie kwenye bafa ya 7, kisha ya 4. Kwenye 7 isizidi milivolti 30 huku au huku. Tofauti kati ya bafa mbili ikiwa karibu 177, nzuri. Ikishuka chini ya 160, elektrodi imechoka.
4. Hesabu muda. Ikichukua zaidi ya dakika mbili kutulia, kijitundu chake cha pembeni kimeziba, mara nyingi kwa protini. Iloweke kwenye pepsini yenye asidi ya hidrokloriki saa moja, kisha usiku mzima kwenye potasiamu kloridi ya mola 3.
5. Inasoma 7 kwenye bafa zote? Imepasuka. Iage.

Elektrodi haihifadhiwi kwenye maji yaliyotoneshwa. Maji yale huvuta chumvi ya ndani nje, na baada ya wiki umeua kifaa cha bei. Kila safari ya otoklevu kwa nyuzi 121 nayo inaizeesha, kwa hiyo andika idadi ya safari kwenye daftari.

Kuna kosa moja linalowasumbua wengi: pH inaruka kila mota ikiwaka, kwa mfano kutoka 6.8 kwenda 7.4 na kurudi. Toa elektrodi, itie kwenye bilauri ya bafa pembeni, washa mota tena. Ikitulia kwenye bilauri na kuruka kwenye chombo, elektrodi haina kosa. Kuna umeme unaovuja kwenye kiowevu, kutoka kwenye mota au blanketi. Rudi kwenye waya wa ardhi, na hakikisha kifuniko cha chuma kimefungwa ardhi na vifaa vyote vimechomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja.

Na kinga ya kisa cha usiku ule ni rahisi: chupa ya asidi isitiwe zaidi ya kile ambacho kioteshe kinaweza kustahimili kikiingia chote. Tangu hapo sisi tunatia mililita 30, tunaongeza asubuhi. Kidhibiti kikiwa na kikomo cha muda wa pampu, kiweke kifupi.

Hewa

Kwa kawaida chombo cha lita 2 za kiowevu kinapewa lita 2 za hewa kwa dakika. Hewa inaingia kwa pampu, inapita kichujio cha mikroni 0.2, inashuka kwenye bomba lenye matundu chini, inatoka juu kupitia kondensa (kipoza mvuke) na kichujio cha pili. Fuata njia hiyo hiyo kwa mkono, tangu pampu.

Nianze na kosa linaloletwa na umeme kukatika, maana hili sijaona likiandikwa vya kutosha. Pampu ya hewa ikisimama ghafla, kiowevu kinapanda kwenye bomba la kuingizia, kinafika kwenye kichujio na kukilowesha. Umeme ukirudi, pampu inaunguruma lakini hewa haipiti, kwa sababu kichujio kilicholowa kwa kioteshe kimeziba, na mbaya zaidi bakteria wameshafika upande usiotakiwa. Tiba ni mbili na zote ni za bei ndogo: vali ya kupitisha upande mmoja kati ya pampu na kichujio, na kichujio kining'inizwe juu kuliko kiwango cha kiowevu, mrija ukiwa na kitanzi. Nenda sasa hivi ukaangalie cha kwako kiko wapi. Kama kimelala mezani, kipandishe leo.

Kichujio cha kutolea nacho huloana, kwa mvuke. Kondensa isipopoza, mvuke unatoka mzima na kugeuka maji ndani ya kichujio. Hewa inaingia, haitoki, na chombo cha kioo kinajaa shinikizo. Ukiona kiwango cha hewa kinashuka chenyewe na kifuniko kinalia, zima hewa mara moja, usisogeze uso, kisha fungua njia ya kutolea taratibu. Chombo cha kioo hakikutengenezwa kustahimili shinikizo, na kikipasuka kinarusha vipande. Tunaweka kichujio cha pili cha akiba kando, kimefungwa kwa klempu, ili kimoja kikiloa tufungue cha pili bila kuvunja usafi.

Kutafuta uvujaji: tia maji chomboni, funga kila mlango isipokuwa wa kutolea, na mrija wa kutolea uuchovye sentimita 10 ndani ya bilauri ya maji. Fungua hewa kidogo. Mapovu yakitoka kwa kasi ileile unayoingiza, hakuna tundu. Yakipungua au kusita, hewa inapotea njiani. Paka maji ya sabuni kwenye kila ungio, tazama linalofura. Pete za mpira zilizokauka na kupata nyufa zibadilishwe, wala usizibane zaidi ukitarajia zitapona. Kifuniko kinachobanwa upande mmoja kinavunja mdomo wa kioo. Kaza skrubu kwa kukingama, kidogo kidogo.

Kukoroga

Plagi nje, zungusha mhimili kwa mkono. Ukiwa mzito au unakwaruza, ni beringi au sili, kile kizibo cha mhimili kinachozuia uvujaji. Ukizunguka laini lakini mota inanguruma bila kwenda, angalia kaboni za mota kama zimekwisha, au kapasita kama ni mota ya aina hiyo (itoe chaji kabla ya kuigusa). Mota ikizunguka na pangaboi chini imesimama, ni ile skrubu ndogo ya kufungia imelegea. Tia tone la gundi ya kufungia skrubu. Kwenye mashine zinazokorogwa kwa sumaku, pangaboi huachwa nyuma ukipandisha kasi ghafla au kiowevu kikiwa kizito: shusha mpaka sifuri, panda polepole.

Unga mweusi chini ya kifuniko ni sili inayolika. Hauna haraka ya leo, lakini agiza sili leo, kwa sababu itafika baada ya wiki nyingi.

Maji, vali na pampu ndogo

Maji ya visima vya Unguja yanapita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa. Chokaa inaacha ukoko mweupe ndani ya koili, kondensa na vali ya umeme. Vali isiyofunguka: sikiliza mlio wa “tak” inapoamriwa. Mlio upo na maji hayapiti, ukoko umeikamata. Mlio haupo, pima omu za koili yake. Isiyo na mwisho imeungua. Kuondoa ukoko zungusha asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa lita ya maji ya vuguvugu, kwa saa moja, kisha suuza sana. Kijana mmoja alinijia na ndimu za sokoni. Asidi ni hiyo hiyo, ila sukari na nyuzi zake zinabaki ndani na kuota ukungu. Kwenye kondensa tumieni maji yaliyotoneshwa yanayozunguka, ukoko hautaonekana tena.

Pampu za kubana mrija zinakufa kwa mrija, hazifi kwa mota. Mrija ukishabanwa siku nyingi mahali pamoja unabaki bapa na kipimo kinapungua. Endesha pampu dakika 10 ndani ya silinda, linganisha na ulichoandika mwanzo. Tofauti ikizidi moja ya kumi, sogeza mrija sehemu mpya au ubadilishe.

Oksijeni

Elektrodi ya utando, ile inayopima oksijeni ndani ya kiowevu, inahitaji mpaka saa sita za kuunganishwa na umeme kabla ya kuaminiwa, na ukiichomoa kwa muda mrefu unaanza upya. Watu wengi wanaoniambia imekufa hawakuipa muda huo. Sifuri ijaribu kwa maji yenye sodiamu salfaiti. Isiposhuka, badilisha utando na maji yake ya ndani. Asilimia mia iweke chombo kikiwa kwenye joto la kazi, hewa na mkorogo kamili, kabla ya kupandikiza bakteria. Povu dogo lililonata kwenye ncha linapandisha usomaji, igonge taratibu.

Kuirudisha kazini

Usirudishe kioteshe siku uliyotengeneza. Jaza maji safi, weka joto, kasi na hewa za kazi yako ya kawaida, iache saa 24, na ndani ya saa hizo zima umeme mwenyewe ukutani kwa dakika kumi. Ukiurudisha, tazama: joto limekumbuka namba yake au limerudi kwenye ya kiwandani? Mota imewaka yenyewe au inasubiri? Maji yamepanda kwenye mrija wa hewa? Pima tena kwa kipimajoto cha kioo na karatasi, asubuhi na usiku, uandike.

Mwenzangu wa Chake Chake, ambaye kila kipuri chake kinavuka bahari mara mbili, ana kopo la biskuti juu ya kabati. Ndani yake mna pete za mpira seti mbili, mita tatu za mrija wa silikoni, vichujio vinne, fyuzi za kila ukubwa, rilei moja, kaboni za mota jozi moja na elektrodi moja ya pH ndani ya kofia yake yenye potasiamu kloridi. Kila mwezi anafungua kofia kuona haijakauka.